Kura ya vijana si kapu moja

Mhariri,

Kila uchaguzi unapokaribia, kurasa za siasa hujaa kauli ile ile kwamba kura ya vijana ndiyo itakayoamua. Baada ya hapo, wanaopiga kura kwa mara ya kwanza huandikwa kana kwamba ni mtu mmoja: anampenda mgombea wa rika lake, anavichukia vyama vikongwe na anavutwa kwa tamasha la muziki. Napinga picha hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu wanasiasa huiamini, wakawaandalia vijana jukwaa la burudani na kuziacha sera nyumbani.

Tuanze na hilo la umri. Mwaka 2016, katika kura za mchujo za chama cha Democratic nchini Marekani, vijana walimiminika kwa Bernie Sanders, mzee wa miaka 74. Alizungumzia karo ya vyuo na mikopo ya wanafunzi, mzigo walioubeba wenyewe.

Ujerumani nayo inafundisha zaidi. Mwaka 2021 wapiga kura wapya waliegemea chama cha Kijani na kile cha FDP, kinachotetea soko huria. Februari 2025, wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walikiweka mbele Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto kilichofanya kampeni kali dhidi ya kodi kubwa za nyumba, kwa takriban robo ya kura zao. Kilichofuata kwao ni AfD, chama cha mrengo wa kulia kabisa! Ndani ya miaka minne upepo uligeuka, tena ukavuma pande mbili kwa wakati mmoja. Mchambuzi anayesema "vijana wanataka mabadiliko" hajatuambia lolote hapo.

Halafu kuna jinsia, jambo ambalo waandishi wengi hulipita. Korea Kusini, katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2022, wanaume wengi wa miaka ya ishirini walimpa kura Yoon Suk Yeol, mgombea wa kihafidhina, na wanawake wengi wa umri huo huo wakamchagua mpinzani wake, Lee Jae-myung. Ukiwajumlisha, utaona vijana waliogawanyika nusu kwa nusu, na mpasuko wenyewe utakupotea.

Wapo pia wasiofika kituoni. Wengi wamehama kwa ajili ya masomo au kazi na majina yao yamebaki kwenye daftari la kwingine. Hao nao wana chama wanachokipenda, ila hakihesabiwi, na si haki kuwaita wavivu.

Ombi langu ni kwamba waandishi wako wawaulize vijana mambo mahususi: ajira, kodi ya nyumba, karo, usalama. Wachapishe majibu ya wasichana na wavulana, wa chuoni na wasiosoma, kila kundi peke yake. Kisha wayapeleke kwa wagombea, wamtake kila mmoja ajibu kwa jina lake.

Msomaji wako