Betri Iache Kwanza

Mwanangu Zawadi,

Hujambo? Sisi huku wazima. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, mara ya pili nikavua miwani. Unakuja Ijumaa na betri mpya na dumu la petroli, Jumamosi tunamwasha Kobe, Volkswagen Beetle wetu, Jumapili unaondoka naye safari ya kilomita 1,400. Amelala miaka 11 chini ya turubai, mwanangu. Hata mgonjwa aliyelazwa wiki mbili hainuliwi kitandani akatwishwa gunia.

Sikukatazi. Nilishasema gari ni lako na maneno yangu sijayameza. Ila betri iache kwanza. Kumwasha Beetle wa 1968 si kazi. Injini yake ya 1300 haina rejeta wala kompyuta. Ikipata petroli, hewa na cheche, inanguruma. Na hapo ndipo inapokudanganya, maana mtu akisikia mngurumo anaamini gari limepona.

Mimi nilidanganyika. Wewe hujazaliwa bado, na Kobe huyu huyu alikuwa amesimama miaka mitatu. Nikafunga betri, nikamwaga petroli mpya juu ya ile ya zamani, akawaka. Nikamwita mama yako twende tukamjaribu barabarani. Kilomita ya pili kuna mteremko. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni kama nimekanyaga mto wa kulalia. Nikarudisha gia ya pili, nikavuta handibreki kidogo kidogo, tukasimama majanini. Mama yako hakupiga kelele. Alifungua mlango, akachukua mkoba, akavua viatu vyake vya visigino, akarudi nyumbani kwa miguu. Akaapa hapandi tena Kobe. Na kwa magari yangu mengine yote, mpaka leo, hataki niondoke kabla sijakanyaga breki mara tatu yeye akiangalia.

Basi tunaanzia hapo, kwenye breki. Magoti yangu hayanikubalii tena kulala chini ya gari, kwa hiyo mikono itakuwa yako na mdomo utakuwa wangu.

Mafuta ya breki hunywa maji. Huvuta unyevu wa hewani polepole, hata gari likiwa halitembei. Aina inayoitwa DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za sentigredi. Ikishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, mafuta ya namna hiyo huchemka ndani ya mabomba na kutoa mvuke, na mvuke ukiubana unabonyea. Pedali inazama, gari linaendelea. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kutu: maji yale yale hula kuta za silinda za breki zikawa na vishimo, na siku unayokanyaga, vishimo vinachana mipira ya ndani. Nilipofungua magurudumu baada ya aibu ile ya mteremkoni, silinda moja ya nyuma ilikuwa nyekundu kama udongo.

Kwa hiyo tunabadilisha masta silinda (ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali), silinda zote nne za magurudumu, na mipira yote minne inayopeleka mafuta magurudumuni. Usiniambie huu mmoja unaonekana mzima. Mpira wa breki huoza kwa ndani. Unafura hadi unageuka mlango wa upande mmoja: mguu wako unasukuma mafuta yanapita, ukiuachia hayarudi, na gurudumu linabaki limebanwa linaungua huku wewe ukijiuliza gari limekosa nguvu kwa nini.

Kuhusu magurudumu ya nyuma: nati ya ekseli ni namba 36 na hukazwa kwa takriban nyutonimita 300. Hiyo unailegeza gari likiwa bado chini kwa miguu yake minne, kwa bomba refu na uzito wako wote. Ukiing'ang'ania gari likiwa juu ya jeki, utaliangusha. Siku ya kuirudisha, tundu la pini inayoifunga lisipolingana, kaza zaidi mpaka lilingane. Usirudi nyuma hata kidogo.

Tairi ni habari fupi. Mistari yake bado ina kina, nami najua utaipenda. Angalia ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT: 1209. Maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2009. Zote tano tunatupa. Ndiyo, na ya spea pia, kwa sababu Kobe ana ujinga wake mmoja ninaoupenda: maji ya kuoshea kioo husukumwa na upepo wa tairi la spea. Nimewahi kumwonyesha rafiki yangu mmoja akadhani namtania. Ukisahau kulijaza, kioo hakioshwi.

Sasa petroli. Ile iliyomo kwenye tangi si petroli tena. Sehemu nyepesi zilishapaa, zimebaki nzito zinazonata. Fungua kifuniko unuse, utasikia harufu ya vanishi kuukuu. Tunaitoa yote, tunaosha tangi, tunafungua kabureta na kupuliza njia zake moja moja. Pampu ya petroli tutaitazama ikifanya kazi kabla ya kuiamini.

Lakini kinachoninyima usingizi ni mpira wa petroli. Kwenye gari hili injini iko nyuma na tangi liko mbele, na petroli inapita kwenye bomba la chuma urefu wote wa gari, ikiunganishwa na vipande vifupi vya mpira kila mwisho. Kipande cha nyuma kinakaa jirani na injini yenye moto. Kikipasuka, petroli inamwagika juu yake. Na kasha la injini hii ni la aloi ya magnesiamu. Ikishika moto sawasawa, kuimwagia maji ni kuichochea. Beetle wengi wameishia hivyo, wamebaki bati tupu. Vipande vyote vinabadilishwa, hata vile vilivyojificha chini ya tangi na karibu na gia boksi, na kila kimoja kinapata klipu mpya. Soma maandishi kwenye mpira kabla ya kuukata. Fundi mmoja aliwahi kunifungia mpira wa maji ya wipa. Haukumaliza mwezi, ukawa laini kama utumbo. Kizimamoto kitakaa mbele ya kiti cha abiria, mahali mkono unapofika. Usikifungie kwenye buti.

Injini yenyewe tunaiamsha kwa adabu. Kwanza toa plagi zote nne, tia oili kijiko kimoja kila silinda, acha ilale usiku. Asubuhi zungusha puli kwa spana, kwa mkono, mizunguko kadhaa. Ikigoma, usiilazimishe, niite. Mwaga oili ya zamani, safisha chujio la waya lililo chini, maana Kobe hana filta ya karatasi, weka lita mbili na nusu mpya. Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi, 0.15 mm. Kisha, plagi zikiwa bado nje, ndipo ile betri yako inapopata kazi: piga stata mpaka taa ya oili izime. Oili ikishafika kila mahali, rudisha plagi, mwashe.

Nimesahau panya! Injini hii hupozwa na feni ndani ya kasha la bati, na kwa panya kasha hilo ni nyumba nzuri kuliko yangu. Kabla ya kuwasha, fumua kila kilichomo: nyasi, pamba ya viti, karatasi. Nilikuta humo nusu ya barua za babu yako. Kiota kikiziba hewa, silinda zinaungua na wewe huna mshale wa joto wa kukuonya.

Onyo utakalopata ni taa nyekundu ya dinamo. Kwenye magari mengine ikiwaka unaweza kujikongoja mpaka ufike. Kwa Kobe, mkanda unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni. Taa hiyo ikiwaka njiani, huenda mkanda umekatika na injini haipati upepo. Zima hapo hapo, usimalizie hata kilima. Utabeba mikanda miwili, spana ya 21 na bisibisi, na utabadilisha mkanda mbele yangu mpaka nichoke kukutazama. Beba pia pointi na kondensa za mfumo wa cheche, waya wa klachi, waya wa eksileta na fyuzi. Taa, honi na wipa utazikagua mwenyewe, kwa hizo huna haja ya mzee. Bima na karatasi za ukaguzi shughulikia sasa.

Baada ya hapo tunamtembeza. Kilomita 5, tunarudi, tunashika kila gurudumu kwa mkono kuona lipi lina moto kuliko wenzake, tunachungulia chini kama kuna tone. Kisha 20. Kisha 80. Kisha siku nzima, 300, ukiwa na mizigo yako yote, ukirudi kulala hapa. Gari lililolala hutoa siri zake kati ya safari ya pili na ya nne; sili zilizokauka huanza kuvuja zikishapata joto. Akipita hizo bila kuniaibisha, nenda. Barabarani usizidi 90, na kila unapojaza petroli kagua oili.

Hesabu yangu ni wiki tatu, siyo siku mbili. Omba likizo upya, au hamisha tarehe. Njoo na nguo usizozionea huruma.

Mama yako ameisoma barua hii juu ya bega langu. Anauliza kama kiti cha nyuma kitakuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Anasema atauliza akishaziona breki.

Baba yako