Mzee ameshaamua, mguu ndio haujapata habari

Mhariri,

Safu yenu ya afya imewaweka wagonjwa wa Parkinson kundi moja na "wazee wa kawaida wanaotetemeka mikono". Naomba nafasi nipinge. Mume wangu anao ugonjwa huo wa ubongo, na kwake kutetemeka ndiyo shida ndogo kuliko zote. Chai anamiminiwa nusu kikombe, yamekwisha. Kinachomtesa ni kuanza.

Akitaka kutoka chumbani, akifika tu mlangoni miguu inagoma. Nyayo zinanata sakafuni, magoti yanatikisika, kiwiliwili kinataka kutangulia. Akili yake ni timamu. Atakwambia papo hapo kwamba anakwenda uani. Wageni humwambia, "Amua basi, mzee!" Ameshaamua, jamani, tangu alipokuwa kitandani.

Tendo huanza kuandaliwa kichwani kabla kiungo hakijasogea. Mwaka 1965 Hans Kornhuber na Lüder Deecke, huko Freiburg, Ujerumani, walichapisha vipimo vya umeme wa ubongo vya watu waliokuwa wakisogeza kidole kwa hiari yao. Waliona maandalizi yameanza sekunde moja au zaidi kabla kidole hakijasogea. Ndani kabisa ya ubongo kuna mafungu ya seli yanayoruhusu tendo moja lipite na kuyazuia mengine. Kazi hiyo inahitaji dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na Parkinson huua seli zinazoitengeneza. Dopamini ikipungua, kuzuia kunakuwa kwingi kuliko kuruhusu. Uamuzi upo, ila hautoki.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetufundisha habari ya mistari. Mimi ni fundi cherehani, chaki hazikosekani mezani. Nikachora mistari ya kukingama pale mlangoni, hatua moja kati ya mstari na mstari. Mtu aliyekuwa amenasa akatazama chini, akainua mguu juu kama anaruka mtaro, akavuka wa kwanza, wa pili, huyo uani! Mwendo tunaouanzisha wenyewe bila kiongozi hutegemea sana yale mafungu yaliyopungukiwa; jicho likipata kitu cha kuvuka, ubongo huupanga mwendo kwa njia nyingine. Mapigo ya sauti nayo husaidia, ndiyo maana majirani wananisikia nikipiga makofi asubuhi. Sina ngoma, namtembeza mume wangu.

Sasa nije kwenye daladala. Konda anayemwona mzee kaganda mlangoni humvuta mkono huku akifoka. Ukimvuta, kichwa kinakuja na miguu inabaki, anaanguka. Ukimfokea, ndiyo anazidi kunasa. Makonda wanalisoma gazeti hili pale stendi, nawaona, japo wanaanzia kurasa za michezo. Nawaomba: mwonyeshe kwa kidole pa kukanyaga, mhesabie moja, mbili, tatu, mwache apande mwenyewe. Abiria wengine hawatakufa.

Na mnaposema "uzee tu", mnawazuia watu kwenda hospitali. Watafiti walipowatafuta wagonjwa hawa wilayani Hai, hapa hapa kwetu Kilimanjaro, wengi waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Dawa ipo, levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiponyi, lakini ikifanya kazi mume wangu hufunga vifungo vya shati mwenyewe. Jirani ametuletea mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa, lakini nani atanipimia kiasi kwa kijiko?

Tatizo ni kwamba dawa hiyo hupotea madukani bila taarifa, na mgonjwa akikosa dozi ya asubuhi, mchana wote hainuki kwenye kiti. Mtume mwandishi wenu azunguke maduka ya dawa hapa mjini, aulize ipo au haipo na kwa bei gani, kisha muandike.

Fundi cherehani,
Moshi.