Ripoti ya madeni: ndugu wa Marekani, someni

Jambo ndugu na dada. Leo nawaandikia ninyi mlioko Marekani. Sisi wa Bukavu tutasoma tu.

Kabla ya kuomba mkopo wa gari, chukueni ripoti zenu za madeni (credit report, yaani kumbukumbu ya mikopo yako na jinsi unavyoilipa) kwenye annualcreditreport.com. Ni bure, hata kila wiki, kutoka kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu hizo: Equifax, Experian na TransUnion. Namba ya Social Security (ile mliyopewa na serikali ya Marekani) wataiomba, ni kawaida. Ukiombwa kadi ya benki, toka haraka, hao huenda ni matapeli.

Anzeni na majina. Wengi mliandikishwa kwenye kambi ya wakimbizi kuwa mmezaliwa tarehe 1 Januari, na akina Bahati kwetu wamejaa. Deni la mwingine mwenye jina na tarehe kama zako laweza kukuangukia. Kisha tazameni anwani, kadi msizofungua, bili za hospitali. Ukikuta kosa, iandikie kampuni hiyo na nakala za karatasi zako. Kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza, wakati mwingine 45. Deni baya ulilochelewesha kweli hubaki miaka 7, hilo halifutiki kwa kulalamika. Na likelemba letu (mchango wa kupeana pesa kwa zamu) halimo humo, hata ukilipa vizuri namna gani!

Atakayekwama kwenye Kiingereza aniandikie kando. Picha ya ripoti msiitume humu.