Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Gugumaji na Mashua ya Mbao

Wanachama wenzangu, hamjambo. Wale mko hapa Kisumu, wale mlienda kutafuta Nairobi na bado mnatuma mchango, na nyinyi wa mwaka wa kwanza mlioingia chama cha makasia bila kujua kuogelea (nitawarudia), karibuni. Katiba yetu inataka mwenyekiti atoe taarifa kabla ya uchaguzi, sasa nimeona niiandike mapema mkaisome nyumbani, ndio siku ya mkutano tusikae mpaka mbu watutoe, manake nawajua nyinyi kwa kubishana.

Habari kubwa ya mwaka mnaijua, ni ile mashua ya watu wanane. Ile ya kisasa, ya faiba. Ofisi moja ilituahidi, tukapigwa picha tukishikana mikono, tukaandika barua, tukaambiwa mrudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo haijafika mpaka leo. Jina la ofisi naliacha. Lakini msimamo wangu nausema wazi: tuache kuingoja. Kwanza hatuna hata banda la kuiweka, hiyo kitu ina urefu wa kama mita 17 na uzito wa kilo 96 hivi, nyepesi mno kwa urefu huo, ukiiegemeza vibaya kwenye mawe ya Dunga, ufuko wetu, umeitoboa. Pili, nimekaa nikasoma vile vyama vya makasia vya vyuo vilianza huko vilikoanzia, na nilichokuta ni kwamba wenyewe hawakungoja maji mazuri. Walishindana kwenye maji waliyokuwa nayo na sheria zikafuata baadaye.

Angalieni Oxford, huko Uingereza. Mto wa Thames ukipita pale wanauita Isis, na sio mpana. Cambridge nako mto Cam ndio mwembamba zaidi, mashua mbili za watu wanane zikienda ubavu kwa ubavu makasia yatashikana. Sasa watafanyaje? Wakapanga mashua mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, nafasi ya kama mashua moja na nusu katikati, mzinga ukilia kila mtu anamfukuza wa mbele huku anamkimbia wa nyuma. Ukimgusa wa mbele mnajitoa wote wawili pembeni, na kesho yake wewe unaanzia nafasi yake na yeye anashuka. Siku nne mfululizo namna hiyo. Oxford kumbukumbu za huo mchezo zinaanzia 1815, chuo cha Brasenose na chuo cha Jesus, halafu Cambridge wakafuata, na chama cha chuo cha St John's, kile wanakiita Lady Margaret, kilianzishwa 1825. Mbio zao kubwa zinaitwa za Mei na hufanyika Juni, msiniulize.

Lakini utamu wenyewe uko hapa: mwaka ukiisha nafasi hazifutwi. Mwaka ujao mnaanzia pale wenzenu waliishia. Yaani kijana anaingia chuo leo, hajui hata kushika kasia, anakuta deni au mali ya watu waliomaliza zamani. Timu ikigusa kila siku inapewa makasia yenyewe, na ikiguswa kila siku inasemekana imepata vijiko. Mimi nikasema hawa watu walikuwa na gugumaji yao (kwao ni ule mto mwembamba), tu hawakuijua kwa jina hilo.

Kwa sababu sisi shida yetu ni hiyo hiyo. Gugumaji, ule mmea unaoelea, likiingia ghuba ya Winam hapa kwetu Ziwa Victoria unajua vile linafanya, limetoka Amerika Kusini, hapa kwetu limejulikana tangu karibu 1990, miaka ya mwisho ya 90 lilifunika ghuba mpaka wadudu wakaletwa kulila, na bado linarudi. Asubuhi maji wazi, jioni upepo umelisukuma lote ukingoni, mvuvi hatoki na mashua haiingii. Mwaka huu msimu wa mazoezi ulitukuta na njia moja tu, upana wa mashua moja na makasia yake, ukuta wa kijani huku na huku. Wengine mkaandika kwenye grupu kwamba mashindano yafutwe. Kamati ikasema hapana, tupange mstari, tufukuzane. Tukatumia filimbi badala ya mzinga (tungepiga mzinga hapo Dunga polisi wangetufikia kabla ya mshindi) na mliokuwepo mliona wenyewe, wachuuzi wa samaki waliacha visu wakaja kutazama. Timu ya mwaka wa pili iligusa ya wazee wa chuo mbele ya kila mtu na wazee hawajanyamaza hadi leo, wanadai usukani ulikwama kwenye mizizi. Napendekeza mkutano uyapitishe haya kuwa mashindano yetu rasmi, na nafasi za mwaka huu ziandikwe kitabuni zibaki hivyo hivyo, wazee mtaanzia hapo mlipo.

Kuhusu mashua. Jaduong' (mzee) fundi wetu pale ufukweni amemaliza ya pili, ya mbao, na nataka mjue kazi iliyoko ndani yake kabla hamjaiita mtumbwi. Kila kiungo cha mbao na mbao amesindilia pamba kwa patasi, taratibu, akigonga na kusikiliza, halafu juu akapigilia ukanda wa bati. Tulipomwambia tunataka kuvuta makasia tukiwa tumekaa kinyumenyume, akacheka kwanza, akauliza sasa mtaona wapi mnaenda, tukamwambia mwenye usukani ndiye anaona. Alienda akafikiri. Kesho yake akaja na vigingi viwili kwa kila kasia, vya mti mgumu, na kitanzi cha tyubu ya baiskeli cha kulizuia lisichomoke. Kipande cha tyubu kikikatika unafunga kingine, shughuli imeisha. Kuna mwanachama mmoja alisema hii sio makasia ya kweli. Ndugu yangu, hata wao vyuma vya kutoa kasia nje ya ubavu wa mashua vilionekana kwenye mbio za Oxford dhidi ya Cambridge 1846, na kile kiti cha kuteleza 1873. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa kwenye ubao kama sisi. Mbio zenyewe zilianza 1829 pale Henley, mji wa kando ya Thames, Merivale wa Cambridge na Wordsworth wa Oxford, marafiki waliosoma shule moja, Cambridge ikatoa changamoto na Oxford ikashinda. Njia ya sasa, Putney hadi Mortlake huko London, karibu kilomita 6.8, walihamia 1845.

Sasa upepo. Ratiba ya mazoezi imebaki alfajiri na haitabadilishwa, hata kwa wale wa masomo ya jioni wanaolalamika. Mchana ziwa linapuliza kuja nchi kavu, mawimbi yanasimama mafupi mafupi na makali, na mashua iliyolala chini inameza maji haraka. Msidhani ni woga. 1912 kwenye mbio hizo za London mashua zote mbili ziliingia maji, mbio zikarudiwa siku nyingine, na 1978 ya Cambridge ilizama kabisa watu wakitazama kwenye televisheni. Na hao wako mtoni, sisi tuko kwenye ziwa la kilomita za mraba 68,000 na ushee lenye viboko. Kwa hiyo jaketi ya kuokolea maisha ni lazima, na mwaka wa kwanza nimewarudia: hamtagusa kasia kabla hamjapita mtihani wa kuogelea. Kwenye bwawa la kuogelea, sio ziwani.

Ziwani kuna kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda pale pale kwenye majani, ukingoni, ambapo sisi tunaingilia kusukuma mashua. Tumekubaliana na zahanati wanachama wapimwe na wakikutwa nacho wapewe vidonge, tafadhali nendeni, sio aibu. Hata Thames maji yamewashinda, 2024 yalikutwa na bakteria nyingi za kinyesi mpaka timu zikashauriwa zisiingie majini, na ile desturi yao ya kumtupa mwenye usukani mtoni baada ya ushindi ikaepukwa mwaka huo.

Timu ya wasichana ndiyo iliyonipa raha mwaka huu na sitaficha. Wameanza wachache, sasa wanajaza mashua, na wanataka waingizwe kwenye mstari mmoja na wanaume badala ya kupewa siku yao. Kuna waliopinga. Nawakumbusha tu kwamba mbio za kwanza za wanawake wa Oxford na Cambridge, 1927, hawakuruhusiwa hata kushindana bega kwa bega, kila timu ilipita peke yake ikapewa alama za mwendo na za kupendeza, eti wanavuta vizuri. Ikachukua mpaka 2015 kuletwa London njia moja na siku moja na wanaume. Sisi tusichukue miaka yote hiyo kwa jambo la kuamua dakika kumi. Na kama mtu anasema Wakenya hatuna wanawake wa makasia, Asiya Mohammed wa Mombasa aliiwakilisha nchi kwenye Paralimpiki za Tokyo 2021 bila miguu yote miwili. Kamati inaunga mkono, kura ni yenu.

Pesa: mahesabu kamili atayasoma mama mweka hazina mwenyewe, mimi nisiyavuruge. Mjue tu kwamba fundi amelipwa chote, mbao za mashua ya tatu hazijanunuliwa, na ada haipandi.

Uchaguzi ni wa nafasi ya mweka hazina, kwa kuwa mama ameomba kupumzika, na ya nahodha wa wasichana. Ya mwenyekiti pia iko wazi kikatiba, anayeitaka ajitokeze, mimi nitasimama tena. Mkutano ni pale pale Dunga, asubuhi, mazoezi kwanza halafu maneno. Tumeagiza ngege (samaki), na mwenye deni la ada alipe kwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo kwa sababu hesabu ya sahani inafanywa kutoka kwenye orodha ya waliolipa.