Mwanangu, Kabla Hujafungua Chupa ya Oksidi ya Risasi

Mwanangu,

Andiko lako la utafiti nimelisoma lote, pamoja na viambatisho ulivyodhani sitavifungua. Nimefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi. Ukiandika PbO, yaani oksidi ya risasi, ile metali yenye sumu, kwenye jedwali la malighafi, jicho langu linatua hapo kwanza. Najivunia wewe, na kila anayestahili kujua nimeshamwambia. Lakini kwa nini jambo hili nilikute kwenye jedwali, wakati mdogo wako alikuwa nalo tangu siku ulipopata nafasi?

Ya kifua cha baba yako sirudii, unayajua. Nataka tuzungumze habari ya unga wa oksidi hiyo.

Unasema mwaka wa kwanza utatengeneza zirkonati-titanati ya risasi, upate cha kulinganisha na kauri zako mpya zisizo na risasi. Sababu naielewa. Hiyo ndiyo kauri inayogeuza mgandamizo kuwa umeme, na umeme kuwa mtikisiko. Imo kwenye mashine za ultrasaundi, kwenye sona za meli zinazopima kwa sauti chini ya maji, kwenye printa. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake ni risasi. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme mwaka 2006, kauri za aina hii ziliruhusiwa kuendelea kwa kuwa hapakuwa na mbadala wa kutosha. Siwezi kukutaka wewe peke yako uiache. Nakuuliza tu: unga huo atapima nani, katika chumba gani, na hewa ya chumba hicho inatolewa wapi?

Kipande kilichokwisha kuiva hakinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kabla yake. Ukiipima ile oksidi ya manjano kwenye mizani, ukaisaga, chembe zake huruka bila wewe kuziona. Halafu tanurini, joto likifika nyuzi 1200 hivi za Selsiasi, oksidi ya risasi huvukiza. Ndiyo maana watafiti huongeza kiasi kidogo juu ya kipimo na kuufunika mtungi wa kuchomea, uwiano wa kauri usiharibike. Wenzako wanaihesabu risasi iliyotoroka kuwa hasara ya sampuli. Mimi nafikiria ilikokwenda.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Ikiingia mwilini, sehemu kubwa hutulia mifupani na kukaa humo miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mwili ukianza kuchota kalsiamu kutoka mifupani, risasi nayo hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mipango yako ya ndoa na watoto hujaniambia, na siulizi. Ila nenda ukapime damu kabla ya siku ya kwanza ya maabara, ili baadaye kuwe na namba ya kulinganisha. Umejaza kurasa nzima ukieleza kwamba jaribio lisilo na kipimo cha mwanzo halina maana. Basi na damu yako iwe na kipimo cha mwanzo.

Sehemu ya pili ya andiko ndiyo iliyonikalisha macho usiku, kwa furaha safari hii. Nilikuwa sijui kwamba Saito na wenzake huko Japani walionyesha mwaka 2004 kuwa kauri ya potasiamu, sodiamu na niobiamu, ikipangwa chembe zake zielekee upande mmoja, inaweza kukaribia ile ya risasi kwa nguvu. Umeieleza vizuri kuliko vitabu nilivyokuwa nikifundishia. Umeeleza pia, bila kuficha, kwamba potasiamu na sodiamu hunyonya unyevu na huvukiza tanurini, na kwamba uwezo wa kauri hiyo huyumba joto linapobadilika. Hapo ulinifurahisha.

Lakini umeandika kana kwamba risasi ikiondoka, madhara yamekwisha. Mwaka 2016 ilichapishwa hesabu ya athari za kauri hizi mbili kuanzia mgodini, na uchimbaji na usafishaji wa niobiamu ukaonekana kuielemea ile mpya kuliko ulivyodhani. Ukiulizwa siku ya kutetea tasnifu, usije ukababaika. Rudi kwenye aya ile uitengeneze.

Na kuna jambo moja sikuliona popote katika andiko lako. Clive Randall na kundi lake pale Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walitangaza mwaka 2016 njia ya kushikanisha chembe za kauri kwa maji kidogo na mgandamizo, chini ya nyuzi 300. Kwa joto hilo risasi haina sababu ya kuvukiza, wala potasiamu. Najua si kila kauri inakubali njia hiyo, na vipande vingine bado huhitaji kupashwa moto tena baadaye. Hata hivyo ningekuwa wewe ningemuuliza msimamizi kabla ya kuwasha tanuri. Muulize kwa adabu, lakini muulize. Una tabia ya kunyamaza mbele ya wakubwa. Sijui umeitoa wapi kama si nyumbani humu.

Niliwahi kutamani uende kwenye betri za elektroliti ngumu, zile ambazo kinachopitisha chaji ndani yake ni kitu kigumu badala ya kimiminika. Ile kauri ya lithiamu, lanthanamu na zirkoniamu iliyotangazwa mwaka 2007 haishiki moto kama vimiminika vya betri za sasa, na fumbo lake ni zuri: kwa nini lithiamu, metali laini kiasi kile, hupenya mipaka ya chembe ikaipasua kauri ngumu? Kisha nikasoma habari za elektroliti za salfaidi, yaani zenye salfa, zinazotoa gesi ya sumu ya haidrojeni salfaidi zikiguswa na unyevu, nikaona kila mlango una sumu yake. Hata seli za jua za perovskaiti, zinazotumia fuwele za aina hiyo kugeuza mwanga kuwa umeme, ambazo mwaka 2009 zilianza na ufanisi wa asilimia 3.8 na sasa zimevuka 25, nyingi zina risasi, tena ile inayoyeyuka kwenye maji. Na utafiti wa kioo hujaniambia kwa nini uliukataa. Kundi la John Mauro, chuo kilekile cha Pennsylvania, lilitangaza mwaka 2023 kioo kinachoyeyuka kwa joto lililo chini ya lile la kioo cha kawaida kwa nyuzi 300 hadi 400. Basi, umeshachagua, na umechagua kazi ngumu. Sikurudishi nyuma.

Nisikilize tu kwenye vumbi. Unga upimiwe ndani ya kabati la kuvuta hewa. Vaa barakoa ya kuchuja chembe, ile inayobana uso. Ya kitambaa haifai. Usifagie kukiwa kukavu, futa kwa kitambaa kilicholowa. Nawa kwa sabuni na maji, vitakasa mikono haviondoi risasi. Usile humo, hata kama wote wanakula. Na koti la maabara lisifike kabisa chumbani unakolala. Ukiona mwenzako anasaga mezani bila kinga na wakubwa wanapita tu, usidhani ndivyo kazi inavyofanywa. Baba yako alidhani hivyo.

Anakusalimu. Analala ameegemea mito, na asubuhi anakuulizia kabla ya kuuliza saa. Mdogo wako ameshahamia chumbani kwako bila ruhusa ya mtu. Vitabu vyako nimevipanga kwenye maboksi na kuyaandika majina; yale madaftari ya kemia nimeyabakiza kwangu. Paa la jikoni limeanza tena kuvuja upande uleule, fundi ameahidi kuja. Viatu vyako vya kufunga nimevipeleka kushonwa soli, ondoka navyo, maana vya wazi hutaingia navyo maabara.

Ile fomu ya mdhamini uliyoiacha mezani sijaitia saini. Nyingine zote tayari. Nitumie majibu ya kipimo cha damu na jina la msimamizi wa usalama wa maabara hiyo, nami nitaisaini siku hiyohiyo na kumpa mdogo wako akuletee.

Mama yako