Besiboli: Pointi haziwezi kusomwa bila upepo na uwanja

Bwana Mhariri,

Assalaam alaykum. Ukurasa wako wa michezo ulikuwa na makala fupi kuhusu besiboli ya Marekani, ikiwasifu wapigaji wa timu ya Colorado Rockies kwamba wana nguvu kuliko wenzao. Ushahidi uliotolewa ni wingi wa pointi zinazopatikana katika uwanja wao wa nyumbani. Nashukuru kwamba gazeti la Kiswahili limeupa mchezo huu nafasi, maana hapa Pemba wapo vijana wanaoucheza na hawana pa kusoma habari zake. Lakini hoja yenyewe siikubali, na kosa lililomo ndani yake limeshamuumiza kijana ninayemfahamu.

Uwanja wa Rockies, Coors Field, ulifunguliwa mwaka 1995 katika mji wa Denver, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Msomaji achukulie ni kama kucheza Iringa mjini. Kwa urefu huo hewa imepungua uzito kwa kiasi cha asilimia 17 au 18 ukilinganisha na ya pwani, basi mpira uliopigwa haupati kizuizi kikubwa na huenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 5. Mpira ambao Wete ungeanguka mita 120, kule unafika 126. Mita hizo 6 ndizo zinazotenganisha mpira wa kudakwa, unaomtoa mpigaji, na homurani, yaani mpigo unaovuka ukuta na kumpa mpigaji haki ya kuzunguka besi zote, yaani vituo vinne vya kukimbilia, bila kubughudhiwa, akapata pointi. Mrushaji, anayemtupia mpigaji mpira, naye ana tabu yake. Mpira wa kupinda hupinda kwa sababu unazunguka na kusukumwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, haupindi vya kutosha, na mpigaji anauona umekuja mnyoofu mbele yake. Mwaka 1999 zilipigwa homurani 303 katika uwanja ule mmoja. Wachezaji walewale wakisafiri kwenda viwanja vya chini, takwimu zao hushuka. Mikono ni ileile.

Wajenzi walilijua hilo mapema, wakaziweka kuta mbali. Lakini walinzi wa nje, wanaodaka mipira iliyokwenda mbali, ni watatu tu, na ukiwapa eneo kubwa la kulinda, mipira mingi huanguka katikati yao. Homurani zilizozuiwa kwa umbali wa kuta zililipwa kwa mipigo ya besi mbili na besi tatu. Tangu mwaka 2002 mipira huhifadhiwa kule katika chumba chenye unyevu maalumu, isikauke ikawa inadunda kupita kiasi. Homurani zikapungua, ila uwanja umebaki kuwa wa pointi nyingi hadi leo.

Jambo ambalo wapenzi wa kandanda hulikosa ni kwamba besiboli haina uwanja wa kipimo kimoja. Kutoka besi hadi besi ni mita 27.43, na kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, popote duniani wanapocheza wakubwa. Huko nje, penye majani na ukuta, kila mji umejenga unavyotaka. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1912, ina ukuta wa kushoto wenye urefu wa mita 11 na zaidi kwenda juu, lakini uko karibu, kiasi cha mita 94 tu kutoka kwa mpigaji. Mpigo mkali usiopaa sana, ambao mahali pengine ungeuvuka ukuta moja kwa moja, pale unagonga ukuta na kurudi, mpigaji akaishia besi ya pili. Mpigo dhaifu wa juujuu, ambao mahali pengine ungedakwa, pale unapita. Ukimpima mtu kwa homurani bila kujua ukuta huu, utamwonea mmoja na kumpendelea mwingine.

Upepo una nguvu zaidi kuliko vyote nilivyotaja, kwa kuwa unabadilika siku hadi siku katika uwanja uleule. Tarehe 17 Mei 1979, katika uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, karibu na Ziwa Michigan, upepo ulivuma kutoka kwa mpigaji kuelekea nje. Baada ya kipindi cha kwanza peke yake Philadelphia walikuwa na 7 na Chicago 6. Mchezo ukaisha kipindi cha kumi, 23 kwa 22, Philadelphia wakishinda kwa homurani ya mpigaji wao Mike Schmidt. Upepo ukigeuka ukatoka ziwani kuingia ndani, mipira ya namna ileile hufia mikononi mwa walinzi, na hao hao wapigaji huandikwa kwamba wameishiwa.

Nieleze na unyevu, kwa sababu hapa kwetu ndipo watu wanaposhika kinyume. Wengi husema hewa ya masika ni nzito. Mwili unaihisi hivyo, lakini kwa kipimo hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto lilelile, kwa kuwa chembe ya maji ina uzito wa 18, ilhali ya naitrojeni ni 28 na ya oksijeni ni 32. Mvuke unapoingia, unachukua nafasi ya vilivyo vizito. Kinachoufanya mpira wetu usifike mbali ni mpira wenyewe: ngozi na nyuzi zake hunyonya maji, ukawa mzito na haudundi vizuri ukikutana na rungu. Mfuko wa mipira unaolazwa sakafuni kwenye stoo ya skuli msimu mzima wa mvua hauwezi kutoa mpira hai. Joto nalo hufanya kazi yake, maana hewa ya moto hutanuka. Watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2023 kwamba homurani zaidi ya 500 za tangu 2010 zimetokana na kupanda kwa joto la dunia.

Sasa nije nyumbani, ambako ndiko kulikonifanya niandike.

Vijana wa kujitolea kutoka Japani waliofundisha mchezo huu hapa Pemba walikuwa wakiuzungumzia sana uwanja wa Koshien, uliojengwa mwaka 1924 karibu na bahari, ambako skuli za Japani hushindania ubingwa wa nchi. Pale kuna upepo wa bahari wanaouita hamakaze. Unavuma kutoka kulia kwenda kushoto ukiwa umesimama kwenye nafasi ya mpigaji. Mpigaji wa mkono wa kushoto kwa kawaida hupeleka mipira yake mikubwa upande wa kulia, hivyo upepo ule unaipinga. Mwaka 1947 walisogeza uzio ndani ili homurani ziongezeke, na uzio ule haukuondolewa mpaka baada ya msimu wa 1991.

Kanuni za besiboli zinapendekeza uwanja uelekezwe mashariki-kaskazini-mashariki kutoka kwa mpigaji, ili jua la jioni lisimpige machoni. Uwanja tunaotumia umechorwa hivyo, na nawapongeza waliouchora. Lakini chukua ramani ya Pemba uweke mshale huo. Kusi linatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Septemba linakata uwanja kutoka kulia kwenda kushoto, sawasawa na hamakaze ya Koshien. Kaskazi likiingia, Disemba hadi Machi, linatoka kaskazini-mashariki, linamjia mpigaji karibu usoni na kuirudisha mipira yote ya juu. Huo ni uwanja mmoja wenye tabia mbili kwa mwaka. Halafu hauna ukuta. Kushoto kuna mikarafuu iliyo karibu, na kwa makubaliano mpira ukiingia humo ni besi mbili. Kulia ni mteremko mtupu, mpira ukipita mlinzi unabingirika na mpigaji anakimbia awezavyo.

Kuna kijana anayepigia mkono wa kushoto, mpole na mwenye jicho zuri la kuchagua mpira wa kupiga. Aliachwa katika timu ya mashindano kwa sababu idadi ya mipigo yake mikubwa ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake. Majaribio yalifanyika Julai, saa kumi za jioni, kusi likiwa limechachamaa. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa besi ya kwanza na niliiona mipira yake ikisimama hewani na kuanguka kwa mlinzi wa kulia, wakati mwenzake wa mkono wa kulia alipiga mpira wa kawaida ukabebwa hadi mikarafuuni. Waliohusika walihesabu, wakaandika, wakaondoka. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Nasema daftari lao lilikosa safu ya upepo, na mtoto akaambiwa hana nguvu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa michezo wafanye majaribio kwa siku tofauti, kusi na kaskazi, na wamtazame mpigaji jinsi rungu linavyokutana na mpira kabla ya kutazama mpira umeanguka wapi. Mipira ihifadhiwe juu, mahali pakavu. Wanaofikiria kujenga ukuta upande wa kulia, wasiuweke mbali sana, maana kusi tayari linafanya kazi ya ukuta.

Na wewe, Bwana Mhariri, nakuomba kila mnapoandika matokeo ya besiboli, ya Marekani au ya hapa, muongeze mstari mmoja: uwanja gani, upepo ulitoka wapi, na kama kulikuwa na mvua. Vijana wanaosoma gazeti lako wanajifunza kuhesabu kutoka kwenye ukurasa huo.

Wako katika michezo,
Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Wete, Pemba