Risala ya Wanakikundi wa Tiba ya Muziki kwa Mgeni Rasmi, Mombasa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi, walimu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana, asalamu alaikum.

Tunakukaribisha kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya wote wanaoendesha vipindi vya tiba ya muziki kwa watoto wenye mahitaji maalumu na kwa watu wazima waliopata kiharusi. Tumechagua kukueleza jambo moja: tunajuaje kwamba anayehudumiwa anaendelea?

Wazazi hutuuliza, "Mwanangu hufurahi akisikia ngoma, lakini je, amesaidika?" Swali hilo ni la haki, na furaha peke yake hailijibu. Kwa hiyo, kabla tiba haijaanza, tunaandika hali ya mtoto ilivyo. Kwa mtoto anayejifunza kungoja zamu, mhudumu hupiga dumbaki mapigo mawili, akanyamaza. Mwenzake huandika zimepita sekunde ngapi kabla mtoto hajaitikia, na iwapo ameitikia mwenyewe, kwa kuonyeshwa ishara, au kwa kushikwa mkono. Aliyeanza kwa kushikwa mkono na sasa anaitikia kwa ishara tu amepiga hatua kubwa, ijapokuwa mlio wa ngoma ni uleule kwa anayesikiliza kutoka mlangoni.

Malengo tunayaandika pamoja na mzazi, tukifuata utaratibu uliobuniwa Marekani mwaka 1968 na watafiti Kiresuk na Sherman, wenye ngazi tano kuanzia -2 hadi +2, ambapo sifuri ndiyo matarajio tuliyokubaliana. Tunaupenda kwa sababu mtoto hupimwa kwa lengo lake mwenyewe, wala halinganishwi na mtoto wa jirani.

Kwa aliyepata kiharusi, tunahesabu hatua zake kwa dakika na muda anaotumia kutembea mita 10, kwanza akifuata mdundo, kisha ngoma ikiwa imenyamaza. Kipimo hiki cha pili ndicho tunachokithamini zaidi, maana kivukoni Likoni hakuna wa kumpigia ngoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatutaki kuahidi kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watoto 364 wenye usonji katika nchi 9, haukuona tofauti ya maana katika dalili za mahusiano ya kijamii, baada ya miezi 5, kati ya waliopewa tiba ya muziki juu ya huduma za kawaida na wale waliopewa huduma hizo pekee. Kwetu sisi, matokeo hayo yanazidisha wajibu wa kupima kwa uaminifu, na wa kumuuliza mama na mwalimu kama kilichoonekana chumbani kinaonekana pia nyumbani na darasani.

Yapo tunayokuomba. Tunahitaji kamera, ili kwa idhini ya wazazi wahudumu wawili watazame kipindi kilekile, kila mmoja aandike alama zake peke yake, kisha tulinganishe. Alama zikipishana sana, tunajua kwamba maelezo ya lengo hayakuwa wazi. Tunahitaji pia chumba kisichoingiliwa na honi za matatu, na mtaalamu aliyesomea fani hii wa kutukagua mara kwa mara. Rejista zetu, zilizofichwa majina ya wahusika, ziko mezani mbele yako, nasi tuko tayari kujibu maswali yako.

Ni sisi,
Wanakikundi.